Kiti cha Abiria

Gari langu lilikuwa linalia, na aliyekuwa akilisikia ni mimi tu. Nisije nikaambiwa natia chumvi, nieleze sauti yenyewe. Haikuwa mlio wa breki, wala ule mluzi wa mkanda asubuhi kabla injini haijapata joto. Ilikuwa ko-ko, kavu, mara mbili, mbele upande wa abiria, kila nilipopita kwenye tuta au shimo. Ko ya kwanza gurudumu likipanda, ko ya pili likishuka. Mtu mwenye adabu zake akibisha mlango hubisha hivyo, halafu anasubiri.

Masikio yangu nayaamini. Nilifanya kazi kwenye chumba cha simu cha hospitali tangu ujana mpaka nikastaafu, nimevaa visikilizio kichwani, nawaunganisha watu. Nilikuwa namjua daktari kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla hajasema haloo. Nilijua laini mbovu na laini nzima, na nilimjua mke anayempigia mumewe wodini kwa mapenzi na yule anayempigia kwa sababu mawifi wamekaa sebuleni wanamtazama. Masikio hayo ndiyo yaliyomsomesha mwanangu. Kwa hiyo mtu akiniambia nasikia visivyokuwepo, damu inanichemka, na aliyeniambia hivyo alikuwa mwanangu huyo huyo.

Sauti ilianza muda mfupi baada ya kumzika mume wangu. Leseni ninayo tangu usichana, lakini mzee alipenda kushika usukani na mimi nilipenda kumwelekeza, basi kila mmoja akabaki na kazi yake. Punguza. Kuna mtoto pale. Huyo wa mbele amelala. Miaka yote hiyo hakuwa anatoka hata kwenda kununua mswaki bila kuniambia, "Twende." Wageni wa msiba walipokwisha kurudi makwao nilichukua ufunguo, nikaenda sokoni mwenyewe, na kwenye tuta la kwanza gari likagonga.

Nilivumilia, halafu uvumilivu ukaniisha. Asubuhi moja nilisimamisha gari juu ya tuta la mbele ya shule, nikashuka, nikapiga magoti kuchungulia chini. Magari yakajipanga nyuma yangu yakipiga honi. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani akaniuliza kama nimeangusha meno. Nilimjibu kwamba meno yangu yako mahali pake, na akitaka kuhakikisha yanauma vipi asogee karibu. Jirani yangu mwenye duka la dawa aliyaona yote hayo, na kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshampigia mwanangu simu: mama yako kapiga magoti katikati ya barabara, anasema gari linambishia hodi.

Mwanangu ni wa pekee, na anakaa mji mwingine, mwendo wa nusu siku. Alikuja kesho yake. Akanisalimia, akaketi kwenye kiti cha abiria, tukazunguka mtaa mzima. Nilipita kwenye kila tuta ninalolijua na mashimo kadhaa ambayo sikuyajua. Gari kimya. Nikamwambia ashike usukani yeye, nami nikahamia pembeni. Kimya vilevile. Umewahi kumpeleka mtoto hospitali analia tumbo, mkifika mlangoni kwa daktari anaomba biskuti? Ndivyo gari lile lilivyonifanyia mbele ya mwanangu.

"Mama," alisema tulipokuwa tunakula, "huenda ni majonzi tu."

"Majonzi hayagongi kwenye matuta."

"Mtu akifiwa husikia mengi."

"Mimi nasikia moja."

Alikuwa anaongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Akasema kwao kuna chumba, kina dirisha kubwa, mkewe ameshakubali, wajukuu watafurahi. Gari tutaliuza, nyumba tutaipangisha. Alikuwa ameyapanga yote hayo akiwa njiani. Nikamwambia mimi si kabati la kuhamishwa. Tulibishana mpaka chakula kikapoa, na mwisho tukapatana hivi: niende kwa fundi. Fundi akiikuta hiyo sauti, mwanangu ataniomba radhi na mimi nitabaki na gari langu na nyumba yangu. Asipoikuta, mwisho wa mwezi atakuja kunichukua, nami sitabisha tena. Akauchukua ufunguo wa akiba, akautia mfukoni, eti kwa usalama.

Tangu siku hiyo akawa ananipigia simu kila jioni.

"Shikamoo mama. Leo limelia?"

"Marahaba. Limelia."

"Fundi amelisikia?"

"Bado."

Kabla hajakata tulikuwa tunazungumza kidogo, habari za wajukuu, habari za mvua, bosi wake asiyejua anachotaka. Hapo kabla tulikuwa tunaongea siku za mapumziko, tena si zote.

Fundi niliyeelekezwa wanamwita Kobe, kwa sababu muda mwingi kinachoonekana ni kichwa tu, mwili wote uko chini ya gari. Gereji yake ni uwanja wa udongo uliokunywa oili mpaka ukawa mweusi, una kibanda cha mabati, na ukutani zimetundikwa springi kuukuu kwenye misumari. Wateja wanakaa kwenye viti vilivyong'olewa kwenye magari yaliyokufa. Nilikaa kwenye kimoja, nikafunga mkanda bila kufikiri, na mafundi wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana.

Kobe mwenyewe hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mwanangu hakulifanya, kisha akapandisha gari kwa jeki. Akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa, akalishika kulia na kushoto akalitikisa tena. Akaingiza nondo kwenye kila kiungo, akakibinya huku ameinamisha sikio. Alipolishusha, alikandamiza boneti kwa mikono miwili akaiachia ghafla, akatazama gari linavyocheza.

"Likicheza mara nyingi, shokapu zimechoka," aliniambia. "Lako limecheza mara moja, limetulia. Chuma chote kimekaza, mama. Twende tukalisikilize barabarani."

Kobe ana sharti lake: haendeshi gari la mteja bila mwenyewe kukaa pembeni yake. Zamani kuna mteja alidai redio yake imebadilishwa njiani, wakafikishana mpaka kituo cha polisi, na tangu hapo fundi ameapa. Basi nikaketi pembeni. Alikuwa anaendesha na dirisha wazi, kichwa amekitoa nje kidogo, na kila tukikaribia tuta alikuwa ananinyamazisha kwa kidole. Tulikwenda mpaka njia ya vumbi yenye mashimo ya kuweza kufugia bata. Hakuna kilichogonga. Tukabadilishana viti, nikaendesha mimi, akasikiliza yeye. Hakuna.

"Lisemwalo lipo, mama," alisema tuliporudi, "ila hili naona bado liko safarini."

Nami kusema kweli, ukiacha pale kwenye matuta, sikuwa nimenyamaza. Sijui nilitoa wapi maneno yote yale. Nilimsimulia habari za chumba cha simu, na yule daktari wa meno aliyekuwa akiomba nimwunganishe na mkewe halafu anakata akisikia sauti yake. Nilimweleza mzee alivyokuwa anaendesha, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye goti langu, mpaka nimkumbushe kuna gia. Nilipoteremka nilikuta koo limenikauka. Nyumbani nilikuwa napitisha siku nzima bila kuitumia sauti yangu, isipokuwa kumsahihisha mtangazaji wa redio.

Nikaaga, nikaondoka, na kwenye tuta la kwanza barabarani, ko-ko. Niligeuza gari palepale, nikarudi, nikamwambia Kobe aache alichoshika aingie. Akaingia na grisi yake mikononi. Tukaenda kwenye tuta lile lile, na gari likapita bila neno. Nilirudi keshokutwa yake, na siku nyingine tena. Ikafika mahali mafundi wakiniona naingia wanaanza kuulizana nani leo atakwenda matembezi na mama. Nilijifanya sisikii, na mimi ninasikia kila kitu.

"Labda nibadilishe shokapu zote mbili za mbele," Kobe alisema siku moja, "roho yako itulie."

"Roho yangu haiko chini ya gari, fundi."

"Basi mimi sina la kufanya. Sibadilishi kitu kizima."

Kwa hilo nilimheshimu, maana mwingine angeshabadilisha nusu ya gari huku ananisifia masikio. Lakini heshima haikunisaidia. Mwezi ulikuwa unakwenda, na mimi nitasema wazi: niliogopa. Nilikuwa na mwenzangu mmoja wa chumba cha simu ambaye baada ya kustaafu alikuwa anainuka mezani kwenda kupokea simu isiyolia. Anainua mkono wa simu, anasema jina la hospitali, anauliza nikuunganishe na nani. Tulikuwa tunamcheka, halafu tukaacha kumcheka, halafu tukaacha kwenda kumwona. Nilianza kukaa sebuleni nikitega sikio, nione kama ko-ko itatokea na humo ndani. Haikutokea. Palikuwa na friji tu, na kiti cha mzee ambacho sikuwa najua nikifanye nini. Nilikuwa bado napika chakula cha watu wawili, kwa sababu mkono umezoea kipimo, na nakula cha pili kesho yake.

Kuna alasiri nilijikuta nawaza kile chumba chenye dirisha kubwa, na kitanda changu ningekielekeza wapi. Nikajikemea kwa sauti, nikaenda kuosha gari.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia nilikwenda gereji, nikamkuta Kobe amesimama, mwili mzima, jambo ambalo si la kawaida. Nikajua hapana jema.

"Mama, leo siingii," alisema. "Mwanao amenipigia simu jana."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba nimetafuta kila mahali na sijasikia kitu. Ungetaka nimdanganye?"

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi na yote yakanipotea. Nikaingia kwenye gari bila kumuaga. Siku zote nikiingia au nikitoka pale yeye huwa yuko chini ya gari jingine na nyundo inalia, lakini siku hiyo alinifuata kwa miguu mpaka getini, nadhani kuniomba radhi. Getini pana tuta la saruji alilolijenga mwenyewe ili wateja wasiingie kwa kasi. Nikapanda, nikashuka. Ko-ko.

Nilikuwa nimeshaingia barabarani niliposikia mtu anapiga buti la gari kwa kiganja. Alikuwa Kobe, anakimbia, ndala moja imebaki nyuma.

"Simama. Rudi. Rudi nyuma taratibu, pita tena."

Nikarudi, nikapita tena. Ko-ko. Aliweka mikono kichwani. Akafungua mlango, akaingia, akaniambia nipite. Kimya. Akashuka, nikapita, ko-ko. Akaingia, kimya. Aliingia na kushuka mara sijui ngapi, mafundi wote wameacha kazi wanatazama, mpaka akatweta na kuinama dirishani kwangu, ameegemeza viwiko.

"Linalia ukiwa peke yako, mama."

Nilimwomba arudie.

"Gari. Linalia ukiwa peke yako. Mtu akikaa hapa pembeni linanyamaza. Ndiyo maana hatulisikii, sisi sote tunaingia kulisikiliza."

Najua alichokuwa anasema. Alikuwa anasema habari za springi. Lakini nilizima injini, nikaweka mikono mapajani, nikalia mbele ya gereji nzima, mimi ambaye msibani sikupata nafasi ya kulia kwa sababu wageni walikuwa wengi na lazima awepo mtu anayejua sukari iko wapi. Kobe alisimama pale pale dirishani. Hakunibembeleza wala hakuondoka. Nilipomaliza alinipa kitambaa, kinanuka petroli, nikajifuta nacho hivyo hivyo.

Kisha akafungua boneti kunionyesha. Kule juu kabisa, shokapu inapofungwa kwenye bodi ya gari, pana mpira mnene umefichwa chini ya kifuniko cheusi. Alikibandua kwa bisibisi, akaniambia nitazame. Mpira ulikuwa umekatika kuzunguka, umekauka, umeachana na chuma chake.

"Mtu akikaa kiti hiki," alisema, "uzito wake unaukandamiza, unashikana kama mzima. Kiti kikiwa kitupu unaachia. Gurudumu likipanda tuta, chuma kinagonga chuma."

"Umekatika lini?"

"Zamani. Huu si wa mwaka huu wala wa jana. Mbona hukuja mapema?"

"Sikuwahi kuusikia."

"Mzee akiendesha, hapa alikuwa anakaa nani?"

"Mimi."

"Basi ni wewe uliyekuwa umeukalia," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akanyoosha mkono kuchukua spana.

"Usiguse," nikamwambia. "Kwanza mwanangu alisikie."

Jioni hiyo mwanangu alipopiga simu aliniuliza kama limelia, nikamwambia njoo na masikio yako. Akadhani nimekubali kuhama. Alikuja siku ya mapumziko, tukakutana gereji kama nilivyomtaka, ana maboksi matupu ya kupakia vyombo, yamejaa kiti cha nyuma cha gari lake. Nilimwona Kobe anayatazama yale maboksi na mimi sikutaka kuyatazama.

Mwanangu alipofika kwenye gari langu alifungua mlango wa abiria kama kawaida yake.

"Shuka," nilimwambia.

"Mama, si tunaenda kusikiliza?"

"Wewe utasikilizia hapo getini, na fundi. Usiingie."

Akamtazama Kobe, Kobe akaitikia kwa kichwa. Nikatoka hadi barabarani, nikageuza, nikaja kwa mwendo wangu wa kawaida. Mwanangu alikuwa amesimama kando ya tuta, funguo zake anazichezesha mkononi, uso wa mtu anayemridhisha mgonjwa. Nikapanda, nikashuka. Ko-ko. Kwenye kioo nikamwona ameacha kuchezesha funguo. Nilirudi nikapita tena bila kuambiwa, na safari ya tatu nikapita kwa raha zangu tu, naomba Mungu anisamehe.

Nilipoteremka alinijia akanikumbatia, mtu mzima, mbele ya mafundi. Macho yalikuwa mekundu.

"Nisamehe mama. Ulikuwa unasema kweli siku zote."

"Sikio la kufa halisikii dawa," nilimwambia, "lako angalau limewahi."

Akacheka, akajifuta macho. Akatoa ule ufunguo wa akiba mfukoni, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake. Nilimpenda sana wakati ule. Nilidhani ameisikia yote, siyo sauti tu. Amesimama pale getini, amemwona mama yake anapita peke yake kwenye gari, anarudi peke yake, na gari linasema. Nilidhani mtu hawezi kuona hivyo asielewe.

Kobe aliufunga mpira mpya huku mwanangu amekaa na mimi kwenye viti vya magari yaliyokufa. Alikuwa mwepesi, anacheka hovyo, anapiga magoti yake kwa viganja. Akampigia mkewe simu: mama yuko sawa kabisa, kumbe gari, gari kweli. Nilisikia sauti ya mkwe wangu upande wa pili inafurahi, na nakwambia ilikuwa furaha ya kweli, hiyo siwezi kukosea. Akakata.

"Mungu mkubwa," alisema. "Hujui nilivyokuwa silali. Kila nikiamka nakuwaza upo barabarani umepiga magoti. Sasa nimepona."

"Alhamdulillahi," nilisema.

"Na mama mkwe wangu naye amekuwa akiulizia kile chumba siku nyingi, miguu inamsumbua. Nilimwambia asubiri kwanza tujue yako. Sasa nitamwambia aje."

Nilifungua mdomo. Yapo maneno mawili yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno: niulize tena. Sikuwa nayajua mpaka dakika ile. Mwezi mzima nilikuwa nimebisha kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa nabisha vizuri, kwa sababu chumba kilikuwepo kinanisubiri. Nilitaka aniulize nikiwa mzima. Nilitaka aseme, mama, akili zako ziko sawa, gari lako liko sawa, haya basi, njoo ukae na sisi kwa sababu tunakupenda. Nilimtazama usoni. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tumzike baba yake, na furaha yenyewe ilikuwa kwamba sihitaji kitu.

"Mpe," nilisema. "Miguu ikisumbua mtu hatakiwi kukaa peke yake."

"Hutajali?"

"Nijali nini? Si nina nyumba yangu."

Kobe alimaliza, akaniambia nijaribu. Nikapita getini, wao wawili wamesimama kando wanasikiliza. Hakuna kilichogonga. Mwanangu alipiga makofi. Alitaka kuwahi kabla giza halijaingia, kwa hiyo akaniaga pale pale, akapanda gari lake na maboksi yake, na alipofika kona akapiga honi. Nikamlipa fundi. Alinitazama kidogo, akasema likinisumbua chochote nirudi, hata kama si kitu. Nilimwambia halitanisumbua, maana amefanya kazi nzuri.

Nikaendesha kwenda nyumbani. Nilikuwa najua jioni ile simu haitalia, kwa kuwa hakuna tena la kuniuliza. Tuta la kwanza nililipita, la pili nikalipita, lile la mbele ya shule nikalipita kwa kasi kuliko inavyotakiwa, makusudi. Gari lilikuwa zima, linapita juu ya kila kitu kwa ulaini, na ndani yake nilikuwa nasikia pumzi zangu mwenyewe. Nikasema kwa sauti, "Nimeshinda." Hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimeshinda nini.